Usukani Mpya na Kuku wa Bafuni

Wanangu,

Kuku wamo bafuni. Msifungue mlango mpaka baba yenu amalize kutengeneza banda. Uji uko kwenye chupa. ~~Baba yenu asipewe.~~ Haya, mpeni, ila asiongezewe sukari.

Mnajua usukani wa lori langu la milimani ulivyo mgumu, nami tangu ile ajali mkono unaofanya kazi ni mmoja. Basi jana nilipokuwa sokoni, huyo fundi wetu, baba yenu, akafunga pampu ya kuulainisha, na kishikio cha kuuzungushia kwa kiganja kimoja. Hakuniuliza! Asubuhi nikapanda, nikakata kona kwa nguvu zangu zote kama nilivyozoea. Lori likageuka kama bibi harusi anayeitwa na mpiga picha, likaingia bandani. Kuku wote wazima, ila jogoo hataki kuniangalia.

Nikamfokea baba yenu, "Kwani umeniona siwezi kuendesha?"

Akasema, "Unaweza sana. Lakini kila jioni unaugulia bega jikoni ukidhani sisikii."

Nikarudi kwenye lori nimenuna, nikazunguka uwanja wa shule mara tatu, mkono mmoja, naimba. Sikuwa na shida yoyote pale uwanjani.

Sasa napeleka mabomba ya maji kule juu. Nitarudi jioni. Msimwambie baba yenu kwamba usukani ni mtamu. Na wewe baba watoto, kama umefika hapa, hujasoma kitu.

Mama yenu
(bado nimenuna)