Kumlipa Mtu Anitembeze

Palma, Msumbiji,
Jumapili asubuhi

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Barua hii ikukute umekaa mkekani kwako, umeshakunywa chai, na lile goti limekupa nafasi ya kupumua. Mimi huku ni mzima wa kusema na mzima wa kula, ingawa ni kula huko kulikonitia matatani. Watoto hawajambo? Na dawa zako za sukari, unazimeza kila siku au siku unazozikumbuka tu?

Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu huniachi nikamaliza. Siku ile nilipokuambia nataka kumlipa mwalimu wa mazoezi ulicheka mpaka simu ikakatika, halafu ukapiga tena makusudi ili uniulize, "Yaani Zainabu, unamlipa mtu akutembeze, kama mbuzi?" Nilinuna siku mbili. Sasa nimetulia, na shemeji Bakari anavuka Rovuma kesho kuja huko, kwa hiyo nitasema yote nawe utasikiliza.

Unajua kazi yangu. Kutwa nimesimama jikoni pale kantini, naonja wali, naonja mchuzi, naonja maandazi, na ikifika jioni nimeonja sahani tatu. Daktari wa kituo cha afya akaniambia sukari imepanda, nipunguze mwili, nitembee. Nilitembea siku nne peke yangu. Siku ya tano mvua, ya sita uvivu, ya saba nikasahau kabisa kwamba niliambiwa. Ndipo nikasikia habari za profesora Celeste, mwalimu wa michezo aliyehamishiwa shule ya hapa kutoka Inhambane, kule kusini, kwamba nje ya saa za kazi huwafanyisha mazoezi akina mama, mmoja mmoja, kwa malipo. Bei yake kwa mwezi ni sawa na fedha ya mchele ninayokutumia. Ndiyo maana nilikuuliza, dada. Sikutaka uukose mchele bila kujua umekwenda wapi. Nikamlipa wiki mbili za kujaribu, kisha niamue.

Siku ya tatu, jua ndiyo kwanza limechomoza, akasema leo tukimbie kidogo. Yeye alibaki kona ya mtaa na saa yake mkononi. "Corre, mana Zainabu, corre! Kimbia, dada, usisimame!" Basi nikakimbia. Nikapita mbele ya nyumba ya jirani yangu Bi Muaija bila hata kumwamkia, maana pumzi ya salamu sikuwa nayo. Nikapita nyumba ya pili, nikapita ya tatu. Nyuma nikasikia vishindo. Kugeuka, namwona Bi Muaija na mjukuu mgongoni na godoro kichwani, na nyuma yake nusu ya mtaa, mabegi, masufuria, mama mmoja na kuku wawili, wote wanatimua mbio kunifuata mimi.

Dada, hapa mtu hakimbii hivi hivi. Tangu vita, ukimwona mtu mzima anapita mbio asubuhi bila kusalimu, huulizi, unabeba mtoto unamfuata. Na mimi nilipaswa kulijua hilo kuliko wote, maana siku ile mji ulipovamiwa tulikimbia pamoja. Nililala na Bi Muaija porini, tukagawana mhogo mbichi. Nikasahau yote hayo kwa ajili ya raba mpya.

"Wameingia wapi?" Bi Muaija aliniuliza, anatweta.

"Hawajaingia, Bi. Nafanya mazoezi."

Alinitazama, akalitazama godoro lake. Kisha akalitua chini, akalikalia, akaanza kulia. Na mimi nikakaa pembeni yake nikalia, tukiwa katikati ya njia.

Profesora hakuwepo wakati wa vita. Alipoelezwa alijiziba mdomo kwa mkono. Jioni hiyo tulizunguka naye nyumba kwa nyumba kuomba radhi, yeye kwa Kireno na Kiswahili chake cha kuokota, mimi nikimfasiria. Wengi walicheka. Mmoja alitufungia mlango, na haki alikuwa nayo. Bi Muaija akasema, "Zoezi fanya, mwanangu, lakini fanyia uani kwako. Na ukipita kwangu pita polepole, unisalimu, nijue kuna amani."

Nikaamua basi, simtaki tena mwalimu. Aibu ile ilinitosha, na mchele wako ungebaki salama. Lakini siku zilizobaki nilikuwa nimeshazilipia, na mimi unanijua, siachi changu. Akaja uani, akatandika mkeka, akaniambia nivue raba nisimame kwa mguu mmoja, nimeshika ukuta. Nikainua wa kushoto. Akachuchumaa, akaushika unyayo wangu kwa mikono miwili.

"Mana, hapa hapakuumi?"

"Wapi?"

Akapiga picha kwa simu yake, akanionyesha. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda cha ukubwa wa kifungo, na ndani yake kimeganda kipande cha gamba la chaza. Mara ya mwisho kwenda kuokota chaza maji yalipokupwa ilikuwa wiki mbili nyuma. Nimekikanyaga kipande kile wiki mbili, nimepika nacho, nimekimbia nacho, na sikuhisi kitu. Kutohisi huko kulinitisha kuliko kidonda chenyewe.

Alinipakia kwenye pikipiki saa ileile mpaka kituo cha afya. Wamekitoa, wamesafisha, nakwenda kufungwa bandeji upya kila baada ya siku mbili. Daktari amesema sukari ndiyo inayoua hisia za miguu, ila nimewahi. Nilipotoka pale nilimlilia mama, dada, kwa sababu yeye hakuwahi. Unakumbuka tulijua kwa harufu, na kufikia hapo mguu ulikuwa wa kukatwa. Tulikuwa wawili nyumbani, tukimpikia, tukimfulia, wala hakuna aliyeinua unyayo wake akautazama.

Kidonda kikipona, kunitembeza atanitembeza Bi Muaija, bure, tukisalimia kila mlango. Hata hivyo nimemlipa profesora mwezi mzima. Mchele safari hii utakuwa nusu, na usininunie.

Msalimie shemeji, mumeo, mwambie tumbaku yake anayo Bakari. Mjomba mpe mkono wangu. Shangazi mwambie kanga aliyoagiza nimeipata, ya rangi ileile.

Na binti yako Asha, anayekusomea barua hii, asiinuke kwanza. Wewe una sukari kama yangu, na unatembea peku kama mama. Kaa kizingitini penye mwanga, nyoosha miguu, akutazame nyayo zote mbili, na katikati ya vidole. Akishamaliza, ndipo uniambie kama mwalimu wangu ni ghali.

Mdogo wako,
Zainabu