Friji Yangu Imegandisha Maji

Imegandisha! Friji yangu imegandisha maji, sufuria nzima, nimeyagonga na mwiko yakalia kama jiwe!

Haya, sasa niwasalimie. Ni Jumatano, hapa Kitale mvua inanyesha tangu saa nane na tope limefika mlangoni, lakini mimi niko na furaha mpaka chai imenimwagikia jikoni.

Wale hamnijui, mimi ni Mama Nafula. Nafula mwenyewe ni fundi wa friji, msichana, amesomea chuo cha ufundi huko Bungoma na cheti anacho. Baba yake alitaka awe mwalimu.

Hiyo friji ni mzee kuliko Nafula. Mwaka jana iliacha kutoa baridi, nikaigeuza kabati. Ina kufuli na panya hawaingii, kwa hivyo vyeti vyote vya mtoto vilikuwa vimelala humo pamoja na unga wa wimbi. Wiki jana mume wangu, Mzee, akaamua: tunanunua mpya, na hii mtu wa vyuma kuukuu aichukue Alhamisi.

Nafula kusikia hivyo, Jumatatu akatoka Bungoma na begi la vifaa na mtungi wa gesi ya friji. Akatoa vyeti vyake, akavipanga kwa kochi, akapiga magoti.

"Nafula, hiyo ni maiti," Mzee akamwambia. "Wacha kuidunga sindano."

"Baba, si unasikia inanguruma? Maiti gani hiyo?"

Nilicheka mpaka leso ikanidondoka. Lakini kicheko hicho kilikuwa cha kuficha kitu.

Ni mimi niliitoboa.

Barafu ilikuwa imeshikana huko juu, nikaichokora na kisu cha kukatia sukuma wiki. Ikafanya fyuuu, gesi yote ikatoka! Nikafunga mlango, na Mzee aliporudi nikamwambia ati stima ilipotea ikarudi na nguvu, ikaiharibu. Sasa mtoto akishindwa, baba yake atasema masomo yake yalikuwa bure, na kosa ni langu.

Nafula akamulika na tochi, akaona tundu. Akaniangalia. Yule mtoto anajua tundu la kisu.

"Haya fundi, inaugua nini?" Mzee akamchokoza.

"Ni uzee tu, Baba. Itapona."

Bana, huyo mtoto! Akasugua, akaziba, akaacha ikauke vizuri. Leo asubuhi ndipo akajaza gesi. Saa kumi Mzee mwenyewe akafungua mlango, akagusa sufuria ya barafu. Kisha akampigia simu yule mtu wa vyuma.

"Usikuje kesho. Fundi wangu ameitengeneza."

Fundi wangu! Nimeiandika hapa isipotee.

Kwa hivyo ndugu zangu wa Matulo, na wewe shangazi wa Kamukuywa uliyeuliza msichana ataenda wapi na spana, mje mnywe soda baridi. Na kabla sijafungua hata moja, nitasimama mbele ya Mzee na nyinyi wote niseme nani alishika kisu. Mtoto wangu amenibebea vya kutosha.

Jumapili, mkitoka kanisani.