Mwanangu Yuko Jandoni, Hospitali Wananiita

Mama Brigita, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Narung'ombe, nakusikiliza redioni kila Jumamosi nikipukuchua mahindi, na leo naomba na mimi unisikilize maana kichwa kimejaa na hapa nyumbani kila mtu ana lake. Mwaka jana baada ya palizi niliona uvimbe kwenye ziwa la kushoto, hauumi, nikaupuuza, mpaka walipokuja wapimaji wa saratani pale Ruangwa mjini, mdogo wangu Shakila akanivuta twende, wakanipima, wakatoa kinyama kikaenda maabara, majibu yakarudi kuwa ni saratani. Hospitali kubwa daktari akasema nitapewa kwanza dawa za dripu kila baada ya wiki tatu ili uvimbe unywee, kisha watanipasua. Dripu nimezimaliza, nywele ziliisha, nikatapika, majirani wakasema yao, lakini Mama Brigita uvimbe umenywea mpaka nikiupapasa siupati, na nguvu zimerudi, juzi nimevuna mbaazi mwenyewe.

Sasa balaa liko hapa. Mwanangu Yasini ameingia jandoni, na kwetu sisi Wamwera mama wa mwali, yaani wa mtoto aliye jandoni, ana miiko yake, hali chumvi, halali na mume, halali nje ya nyumba yake, na chuma hakigusi mwili wake, maana akikosea kidonda cha mtoto hakiponi. Hapohapo hospitali wamenipigia simu niende kupasuliwa. Mjomba wangu Rashidy, ambaye ndiye mwenye sauti katika ukoo, amesema kisu hakipiti kwa mtoto na kwa mama msimu mmoja, nisubiri wali, hao watoto wa jando, watoke, na isitoshe uvimbe si umeisha. Mume wangu Saadi nilipomuuliza akasema, "Mimi hapa ni mkwe, mjomba akishasema nitaongeza nini?" na ni kweli, tumejenga kwa mama yangu. Shakila ananiita mjinga, hata kunisemesha hataki. Na mimi sitakudanganya, miiko naiamini, nimelelewa nayo, nikifikiria nimelala hospitali halafu naambiwa Yasini amevimba, nitajilaumu mpaka naingia kaburini. Hospitali nimewaambia nina msiba, wamenisogezea siku, wakasema nisikawie. Je, nikisubiri mpaka mtoto atoke kuna ubaya gani, na wewe mwenyewe ni mama?

Mama Yasini, Narung'ombe

Mama Yasini, marahaba. Pole kwa dripu, najua zinavyotesa, nimemuuguza dada yangu hapa Nachingwea. Umevumilia kazi ngumu. Sasa kaa vizuri, maana nitakusema.

Ubaya upo, tena mkubwa. Nimemuuliza Sista Dafrosa, muuguzi anayehudumia wagonjwa wa saratani, na alipofika kwenye hiyo habari ya kupapasa akatikisa kichwa. Uvimbe umenywea kwa sababu dawa imefanya kazi. Saratani haijaisha. Imebaki mizizi midogomidogo ambayo vidole vyako haviioni, na ukiiachia nafasi inarudi na kuhamia kwenye mapafu au mifupa. Daktari aliipunguza ili aitoe, na sasa ndio wakati wa kuitoa. Wewe umekwenda kuvuna mbaazi!

Na huo msiba uliowazulia hospitali umenikera. Hakuna aliyekufa. Usiende ukautengeneza mwenyewe.

Saratani ya mlango wa kizazi na ya matiti ndizo zinazotumaliza zaidi sisi wanawake nchini, na wengi tunafika hospitali ugonjwa umeshatembea. Lakini siku hizi anayewahi na kumaliza matibabu yote ana nafasi nzuri ya kupona na kurudi shambani kwake. Wewe umewahi. Bado kumaliza. Na baada ya upasuaji wanaweza kukupa mionzi au vidonge vya kumeza kwa miaka kadhaa, navyo utamaliza, hata ukijisikia mzima.

Kuhusu miiko sitakucheka, na mimi nimezaliwa hukuhuku. Ila nikuulize: mama wa mwali akishikwa na uchungu wa kuzaa wakati mwanawe yuko kumbini, huko kambini kwa jando, si anapelekwa hospitali? Akifariki je, jando linavunjwa? Miiko anaishika mama mdogo, na mtoto anapona. Wazee wanalijua hilo, na mjomba wako analijua kuliko mimi. Basi acha kumwuliza kama uende au usiende. Nenda na Shakila, mkae chini kwa adabu, mwambie, "Mjomba, ninakwenda kutibiwa, mdogo wangu anakaa mahali pangu." Shakila ataacha chumvi badala ya kununa. Saadi naye, mkwe au si mkwe, ni baba wa mtoto. Kazi yake ni kuhakikisha mhudumu wa zahanati anakiangalia kidonda cha Yasini, kwa sababu kinachovimbisha kidonda ni uchafu, si safari ya mama.

Na mjomba akikataa kabisa, muage kwa heshima, uondoke. Atanuna, kisha atakuja kukujulia hali.

Yasini akitoka kumbini mwaka huu asikuone, atalia kidogo, kisha watamleta wodini akusalimie na nguo zake mpya. Akitoka akakukuta umekaa nyumbani, halafu mwakani akukose, hakuna atakayeweza kumleta popote akuone. Piga simu hospitali leo, waambie msiba haupo na unakuja.