Kwa Nini Nimechagua Rivolva Ndogo

Mwanjelwa, Mbeya
Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Kamwene. Natumaini barua hii imekukuta umekaa upande wa jua, maana naijua baridi ya Kilolo miezi hii, haina adabu. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa Neema umeanza kuitumia, au bado iko kabatini unasema ni ya wazee? Na Mama, kifua kimeacha kumbana? Mimi ni mzima. Kazi ya kupima ardhi inaendelea. Juzi tulikuwa Rungwe tunapima mashamba kwenye mvua, nikarudi na matope mpaka kwenye nyusi.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunisikii, na jambo hili sitaki lipite kinywani mwa mtu mwingine. Neema mdogo wangu, wewe unayemsomea Baba, soma kwa sauti kubwa na usiruke mahali, hata pale ninapomtaja Shangazi.

Baba, ujumbe wako nimeupata. Neema aliniandikia kama ulivyosema: "Mwambie Editha asilete silaha kwenye nyumba yangu." Nikajua Shangazi Leonia ametoka Kihesa na kufika kwako na habari zake, kwamba nanunua bastola kwa kuwa kuna mtu ninamtafuta, au kwamba upweke wa ugenini umeniharibu akili. Hakuna mtu ninayemtafuta. Akili iko palepale ulipoiacha.

Ni kweli nimenunua rivolva, ile bastola yenye silinda inayozunguka. Ni ya kulenga shabaha, karatasi iliyobandikwa kwenye ubao, basi. Najua kwa nini hutaki kusikia. Umebeba bunduki ya kulinda wanyamapori ujana wako wote, na ulikuwepo siku mwenzako alipopoteza mguu kwa bunduki ambayo kila mtu aliapa kuwa haina risasi. Ndiyo maana nataka nikueleze habari za Mama Subilaga.

Ni mama wa Kinyakyusa, mstaafu wa magereza, mfupi, anafunga kitenge juu ya suruali. Anafundisha kwenye klabu yetu ndogo, huko nje ya mji kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza, nikapenda. Ukilenga vizuri huwezi kuwaza kitu kingine, na mimi nilikuwa nawaza mno. Siku ile ya kwanza nilimuuliza Mama Subilaga kama bastola iliyokuwa mezani ina risasi.

Akaniambia, "Mwanangu, swali hilo hapa hatumuulizi mtu. Tunafungua, tunaangalia."

Akaifungua silinda, akaangalia, akapitisha kidole kwenye kila tundu. Halafu akanipa mimi, akanitaka nifanye vilevile, ingawa nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akifanya. Nilikukumbuka sana siku hiyo, Baba.

Nilipiga na bastola za klabu zaidi ya mwaka, mpaka yeye mwenyewe aliposema sasa naweza kutafuta yangu. Kibali hakikuja kirahisi. Mwenyekiti wa mtaa, kata, wilaya, polisi, alama za vidole, na maswali ambayo hata kwenye posa hayaulizwi. Kilipotoka tukaenda wote dukani kwa Mzee Hasmukh. Duka hilo lilifunguliwa na babu yake, na yeye amezaliwa hapahapa Mbeya. Anasalimia "Ugonile" vizuri kuliko Wanyakyusa wengi wa mjini.

Nilikuwa nimeshachagua kichwani. Ilikuwa kwenye kabati la kioo, nyeusi inang'aa, mtutu mrefu, kaliba kubwa ya risasi nene, nzito kama jiwe la kusagia. Nilipoishika nikajiona kwenye kioo, nikajipenda. Usicheke.

Mzee Hasmukh akanitazama juu ya miwani. "Dada Editha, unataka kupiga karatasi au nyati?"

"Karatasi."

"Basi, karatasi haijawahi kumkimbiza mtu."

Nikanuna. Nikasema wanaume wa klabu wengi wanazo kubwa, mbona wao hawaulizwi? Mzee akafungua mdomo, lakini Mama Subilaga akamzuia.

"Usimkataze. Apige nayo kwanza, halafu aseme mwenyewe."

Kuna mwanachama mwenzetu, Fadhili, ana duka la nguo hapa sokoni, na yeye anayo kama ile. Jumamosi iliyofuata, Mama Subilaga akisimamia, alikubali niijaribu. Nilivaa vile viziba masikio vikubwa ambavyo nyie hamkupewa enzi zenu. Hata hivyo mlio wa kwanza niliusikia kifuani, si masikioni. Nikapiga tena, na tena. Nilipomaliza sita, karatasi ilikuwa na matundu mawili, moja pembeni kabisa.

Mama Subilaga akasema atanipakilia yeye. Akanipa mgongo ili nisione, akafunga silinda, akanipa. Nikalenga, nikavuta triga taratibu kama alivyonifundisha. Ikasema *ta*, basi. Alikuwa ameacha tundu tupu makusudi. Lakini mtutu ulikuwa umezama chini kama kuku anayedonoa. Bastola haikulia, Baba. Mkono wangu ulikuwa umeruka wenyewe, unaogopa mlio ambao haukuwepo.

Fadhili akasema, "Kaua mchwa!" Watu wakacheka, na mimi machozi yakanilengalenga ndani ya miwani. Mwanamke niko peke yangu pale, ukimwondoa Mama Subilaga. Nikatamani nichukue mkoba wangu niondoke, nisirudi tena.

Mama Subilaga akainua mkono, wakanyamaza.

"Fadhili, njoo unipakilie na mimi. Usinionyeshe."

Fadhili hakutaka. Kila mtu pale anamheshimu yule mama. Wengi wamefundishwa na yeye. Mama Subilaga akarudia mara ya pili, Fadhili akapakia. Mama akasimama, akalenga. Risasi ya kwanza katikati. Ya pili, katikati, karibu na mwenzake. Ya tatu ikasema *ta*, na mtutu ukazama. Si sana kama wangu, lakini ukazama, na wote tukaona.

Hakuna aliyecheka. Akafungua silinda, akatoa risasi zote, akapitisha kidole, akaiweka mezani.

"Mmeona?" akasema. "Umri wote huu, na mwili wangu bado unaogopa. Anayesema yeye haogopi hajawekewa tundu tupu." Kisha akanigeukia mimi kwa sauti ya chini. "Ukianza na hii, mwili utajifunza kuogopa kwanza, kulenga baadaye. Na kinachoingia kwanza mwilini kukitoa ni kazi."

Nimelifikiria jambo hilo wiki nyingi. Angeweza kukaa kwenye kiti chake, akabaki na sifa zake, mimi nikachekwa mpaka nikakoma. Hakuna aliyemlazimisha kuonyesha udhaifu wake mbele ya watu aliowafundisha. Sijui watu wangapi wangefanya vile. Mimi, sidhani kama ningefanya.

Tuliporudi dukani, Mzee Hasmukh aliinama. Akatoa chini ya meza rivolva iliyotumika, kaliba ishirini na mbili ya risasi nyembamba, mtutu inchi sita, weusi umefifia, mpini wa mti una mikwaruzo. Ilikuwa hapo siku ile ya kwanza pia, ila sikuiona kwa sababu haing'ai. Akaniambia nifungue, niangalie, nipitishe kidole. Halafu nifumbe macho, ninyooshe mkono ukutani, nifumbue. Kijiti cha kulengea kilicho kwenye ncha ya mtutu kilikuwa kimekaa sawa machoni pangu bila mimi kukitafuta. Kidole kilifika kwenye triga bila kujinyoosha. Mama Subilaga akaitikisa silinda kusikiliza kama inacheza, akamulika ndani ya mtutu kwa tochi ya simu, akaangalia muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa ataikataa.

"Aliyekuwa nayo alikuwa anaisafisha," akasema. Kwake yeye hiyo ni sifa kubwa.

Nikaichukua hiyo. Risasi zake ni za bei ya chini, kwa hiyo naweza kufanya mazoezi mengi, na haina mshindo wa kunifundisha woga. Inakaa kwenye kabati la chuma lililofungwa ukutani, na polisi wamekuja kulikagua. Ikitoka humo inakwenda machimboni tu. Kilolo nitakuja na begi la nguo na viatu vya shambani.

Jana nimepiga nayo kwa mara ya kwanza. Risasi ya kwanza ilitoka nje kwa sababu ya furaha yangu mwenyewe. Tano zilizobaki zimekaa pamoja kiasi kwamba kifuniko cha chupa ya chai kinayafunika matundu yote. Mama Subilaga aliibandua karatasi, akaitazama, akanirudishia bila kunisifu. "Mpelekee mzazi wako," ndiyo maneno aliyosema. Fadhili akauliza kama anaweza kuijaribu Jumamosi ijayo. Nikamwambia aje, ila nitampakilia mimi.

Msalimie sana Mama, mwambie vitenge alivyoagiza nimeshavipata. Msalimie Kaka Gaspa wa Nyololo, kama gereji inampa nafasi ya kufika nyumbani. Msalimie Bibi jirani anayekuletea mboga. Shangazi Leonia naye nampenda, na namba yangu ya simu anayo.

Sikuombi uipende hii bastola, Baba. Naomba uangalie tu binti yako amepiga wapi. Neema, karatasi iko ndani ya bahasha. Usimwelezee. Mpe mkononi.

Mwanao anayekuheshimu,
Editha