Posa ya Muuza Vipimo vya Moshi

Old Kampala

Mama yangu,

Shikamoo. Goti vipi? Naomba Mungu barua hii ikukute unapanda ngazi bila kumtukana fundi aliyezijenga. Mimi mzima, ila baridi ya asubuhi ya huku mlimani bado hatujapatana. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yako anaishika Rehema, na mambo haya si ya yeye kuyasoma, siyo leo. Baba mdogo anayekuletea bahasha mpe chai, halafu ingia chumbani usome peke yako.

Uliniambia nimchunguze Idrisa, maana mimi niko naye huku Kampala, na wazee wake wameahidi kuja Tanga Ijumaa ijayo kuleta posa ya Rehema. Nimemchunguza, mama. Simwamini.

Najua utasema mwanao Mwanaidi hata sukari ya dukani anaipima upya nyumbani. Ni kweli, napima. Lakini nisikilize.

Kazini kwetu, kule tunakopanga harusi na mikutano, bosi amenipa shughuli mpya. Siku hizi wateja wakubwa wanataka kujua mkutano wao umechafua hewa kiasi gani: magari ya wageni, jenereta, mkaa wa wapishi, chakula kilichotupwa. Usicheke! Kuna programu za kompyuta zinazopiga hesabu hiyo, na mimi ndiye niliyeambiwa nichague moja. Bosi ni mwanajeshi mstaafu, anakaa Makindye, tunamwita Afande. Kiswahili chake ni cha kambini: "Wewe chagua, mimi nasaini. Lakini kama ni ya uongo, nakamata wewe."

Na moja ya programu hizo muuzaji wake ni nani? Idrisa.

Sasa tazama. Mtu huyu nimemjua tangu nifike huku. Tunakutana kwenye shughuli za watu wa nyumbani, tunasalimiana, basi. Hajawahi hata siku moja kuniuliza kama nina mdogo wangu. Afande kunipa kazi hii, wiki haijaisha, Idrisa huyo mlangoni na halua mkononi, ananiita shemeji. Shemeji! Posa haijaletwa, mahari haijatajwa, mimi tayari shemeji wa mtu. Na siku hizohizo ndipo mshenga wake alipopiga hodi kwako. Nikajiuliza, huyu anamtaka Rehema au anataka saini ya Afande?

Halua niliila, tena ilikuwa nzuri.

Nikaijaribu programu yake. Nilichukua mkutano tuliofanya Kabalagala, ule ambao umeme ulikatika asubuhi, jenereta ikanguruma nyuma ya ukumbi mpaka wageni wakaondoka. Nikaingiza kila kitu. Ikatoka namba ndogo, ya kijani, na picha ya jani pembeni. Moyo ukaniambia, we Mwanaidi, moshi ule uliokutoa machozi umekwenda wapi? Nikaifuta jenereta. Namba ileile. Nikaandika jenereta kumi. Namba ileile, na jani lake! Jenereta wameiweka pambo tu, mama, haihesabiwi.

Programu ya pili haina sura, na inahoji kama mama mkwe. Dizeli lita ngapi, mkaa magunia mangapi, wageni walikuja kwa boda au kwa gari. Namba iliyotoka ilikuwa ya aibu. Afande akaguna. "Hii inatukana sisi." Akaikodolea macho weee, mwisho akasema, "Lakini jenereta mimi nilisikia na masikio yangu."

Hata hivyo sikutaka kumhukumu mtoto wa watu. Labda mafundi wamekosea. Idrisa alipokuja tena nikamuuliza mbona jenereta haihesabiwi. Hakushtuka hata kidogo.

"Shemeji, wateja hawapendi kuiona."

"Na moshi wake?"

"Moshi si unapeperuka, shemeji? Nani ataushika?"

Akacheka. Nilimfikiria Rehema, na vile anavyoamini kila anachoambiwa, kukaa nyumba moja na mtu ambaye kisichopendeza hakihesabu.

Najua utanitolea ule msemo wako, mchagua jembe si mkulima. Ulimwambia Rehema hivyo alipozikataa zile posa mbili za mwanzo. Lakini mama, jembe lisilo na makali mkulima alichukue la nini?

Jana mchana nikamwita Idrisa ofisini, Afande yupo, nikamwambia tunachukua ile nyingine. Aliingia na "Shemeji wangu, mama goti lake vipi?" Nilipomaliza, akakusanya karatasi zake, akatazama saa. "Sawa, madam," akasema, akatoka.

Afande akanigeukia. "Huyo si shemeji yako?"

"Hata mimi niliambiwa hivyo, Afande."

Roho inaniuma, mama. Rehema aliniambia gauni limeshashonwa. Nikimweleza mimi atasema namwonea wivu, kwa kuwa mimi mkubwa ndiye niliyebaki bila kuolewa. Kwa hiyo usimwambie neno bado, ila usiazime masinia kwa jirani. Wazee wa Idrisa wakitokea Ijumaa, basi nimemdhulumu, na nitapanda basi nije kumwomba radhi mbele yenu wote.

Nisalimie bibi, mwambie ile dawa ya kikohozi imenisaidia. Msalimie shangazi wa maandazi, na mjomba mwenye kesi zake za mpaka wa shamba. Rehema mbusu shavuni, usimwambie ni kwa nini.

Ni mimi mwanao mwenye macho mawili na la tatu la akiba,

Mwanaidi

Nimeifungua tena bahasha. Asubuhi hii Idrisa ametuma ujumbe. Anauliza kama Afande ameshasaini ile nyingine au bado, maana wazee wake wanataka kujua kama wakate tiketi za Tanga. Nimemjibu wasikate.