Taarifa Kumi na Moja kutoka Basotu

Arusha, Alhamisi

Baba mdogo Bura, shikamoo.

Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imeanza. Mama anasema ngano ya Basotu imestawi.

Amenieleza pia kwamba ulituma taarifa za ndama wagonjwa ofisini kwetu, na unaamini niliziona nikanyamaza. Sikuziona, baba. Jana nilikaa na kompyuta inayopokea taarifa za mifugo, nikatafuta kwa nini za Basotu hazionekani. Kuna kiolezo kinachoielekeza mashine ipokee nini. Kwenye namba ya hereni ya ng'ombe kilikubali tarakimu tu. Namba zenu huanza na herufi, kwa hiyo mashine ilizikataa taarifa zenu zote. Nimezikuta kwenye orodha ya zilizokataliwa, kumi na moja zikiwa zako. Ya mwisho uliandika, "Jenifa mwanangu, wamebaki wawili."

Kiolezo hicho nilikiandika mimi.

Nimekirekebisha, na bosi nimemwambia ukweli. Daktari wa mifugo atafika kwako keshokutwa, nami nitakuja naye. Usipotaka kuongea na mimi nitaelewa. Naomba tu unionyeshe ulipowazika.

Mwanao,
Jenifa