Sanduku Lisilo na Msumari

3 Februari

Mwanangu,

Natumaini kifua chako kimepona na vumbi la mbao za huko halikusumbui. Sisi tu wazima, isipokuwa goti la mama yako, ambalo hutabiri mvua kila wiki na kukosea.

Nina jambo la haraka. Mdogo wako amerudi likizo kutoka chuo cha ufundi akiwa amenyong'onyea. Mwalimu wa karakana amewaagiza warudi na kazi ya pili, iliyo sawa na ile waliyoombea nafasi. Yeye aliombea kwa lile sanduku lako la droo tatu, lililoshikana pembeni bila msumari hata mmoja. Sikukueleza wakati ule. Sasa amejaribu mara nne, na pembe zake zina mianya ya kupitisha kidole.

Nakuomba utengeneze jingine hapo kazini kwako, ulitume kwa basi kabla ya mwisho wa mwezi. Wewe ndiwe mkubwa. Ifiche aibu ya nduguyo.

Baba yako

16 Februari

Shikamoo Baba,

Kifua kimepona, ahsante. Mpe Mama pole ya goti. Mwambie namwamini yeye kuliko redio.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaketi juu ya maranda. Uliniambia sanduku lile amelinunua mwalimu mmoja. Nilifurahi wiki nzima. Nilipokuomba fomu ya chuo, ukasema chuo hicho ni cha wavulana. Juzi nilimuuliza fundi mkuu wetu, akacheka: "We Msumeno, nani kakudanganya? Kuna wasichana saba pale." Huku wananiita Msumeno kwa ajili ya ulimi wangu, lakini siku hiyo nilichukua randa nikaendelea na kazi. Ningesema ni baba yangu?

Sina kinyongo na mdogo wangu. Tangu utotoni alishika randa kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Anachopenda ni kufungua redio za watu.

Sanduku sitengenezi. Nina swali moja tu: kwenye fomu, palipoulizwa nani ametengeneza kazi hii, uliandika nini?

Mwanao

2 Machi

Mwanangu,

Sijui kama nina haki ya kukuuliza hali, lakini nauliza.

Barua yako niliisoma mara tatu peke yangu. Mara ya nne alinisomea mama yako, kwa sauti, mbele ya mdogo wako. Alipofika kwenye swali lako aliikunja barua, akanitazama, akaenda zake jikoni. Hajasema nami tangu jana ila "chakula tayari".

Niliandika: "Mwanangu wa kiume, peke yake, bila msaada." Niliandika kwa mkono huu, kisha nikatia sahihi.

Nilijiambia kwamba binti ni wa watu. Kwamba nikikupa ufundi, utauhamishia nyumba nyingine, na karakana yangu itabaki bila mtu. Huo ndio uliokuwa udhuru wangu. Lakini mambo yalianza zamani. Siku uliyozaliwa, mkunga alikuja hadi karakana kuniambia nimepata mtoto wa kike. Nikamjibu, "Haya, labda wa pili," nikaendelea kupiga randa. Sikwenda kukuona mpaka jioni, nilipomaliza mlango wa mteja.

Chuoni bado sijasema lolote. Mdogo wako anarudi Jumatatu, mikono mitupu.

Baba yako

24 Machi

Mwanangu,

Hukunijibu, nami sikustahili jibu. Mama yako yu mzima na amerudi kusema nami, ingawa kwa kipimo.

Jumatatu ile nilikwenda chuoni pamoja na mdogo wako. Mwalimu wa karakana ni mama mmoja mfupi mwenye penseli sikioni. Nilitaka tuzungumze faraghani. Akasema, "Mzee, uongo uliuleta kwenye karatasi. Ukweli usemee hapa kazini." Nikausema, mbele ya vijana na mabenchi yao. Wakaweka misumeno yao chini, wakasikiliza hadi mwisho. Mdogo wako alifutiwa nafasi, na njiani kurudi akapiga mluzi. Nilimuuliza ana furaha gani. Akasema, "Baba, miaka miwili nimeishi ndani ya sanduku la dada." Siku hizi yuko kwa fundi wa redio.

Nilimuuliza mwalimu kama unaweza kupewa nafasi yako. Akafungua daftari: "Hatupokei aliyepita miaka ishirini na miwili. Amezaliwa lini?"

Mwanangu, sikujua. Siku aliyozaliwa mdogo wako naijua, hata saa. Nilisimama pale kama mtoto aliyepotea sokoni, nikataja mwaka, nikausahihisha, nikausahihisha tena. Wale vijana hawakucheka. Heri wangecheka.

Ningeweza kumuuliza mama yako, nikaona ni kujificha tena. Nakuuliza wewe. Umezaliwa lini?

Baba yako

5 Aprili

Shikamoo Baba,

Mimi mzima. Wasalimie wote, na mdogo wangu mwambie nina redio mbovu inamsubiri.

Nimezaliwa tarehe tisa Januari. Mwaka huu nimetimiza miaka ishirini na mitatu, kwa hiyo nimekwisha kupita. Usirudi chuoni kuwabembeleza. Ulipoandika fomu ile nilikuwa na miaka ishirini na mmoja.

Sikujibu barua yako ya pili kwa sababu ya mkunga. Mama aliwahi kuniambia ulichelewa kwa kuwa ulikwenda kutafuta dawa. Nilikuwa nalipenda sana jambo hilo.

Sijui kama nimekusamehe, na sitaki kuandika neno ambalo halijakauka. Kurudi kwenye karakana yako, hapana. Lakini Jumamosi tunaanza kabati kubwa, na fundi mkuu ameniachia peke yangu. Ukitaka, njoo. Usiwaambie watu kwamba ndiwe uliyenifundisha, wala usinisifu. Kuna kiti karibu na dirisha. Keti hapo mpaka nitakapomaliza, unitazame ninavyofanya kazi.

Binti yako